Kilichomo ndani ya tenga

Jumapili jioni ile picha ya panya ilirudi tena kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp. Panya weupe wenye uvimbe ubavuni unaokaribia ukubwa wa kichwa, na chini yake sauti ya mwanamume asiyejitaja, anasema nyanya za siku hizi zinakaa jikoni wiki mbili bila kuoza kwa sababu ni za GMO, yaani zilizobadilishwa vinasaba maabara, na ndizo zinazotuletea saratani. Shangazi yangu wa Mbagala akaniandikia mimi, mkulima wa nyanya wa Ilula, Iringa: "Mama wa nyanya uko wapi? Hebu tuambie huko Ilula mnatulisha nini."

Nilianza kumjibu mara tatu, nikafuta mara tatu. Shangazi, shikamoo. Jibu langu ni refu, haliwezi kukaa kwenye kundi, ndiyo maana nimelileta hapa.

Niwamalize kwanza hao panya. Picha ilitoka Ufaransa, Septemba 2012, kwenye utafiti wa Gilles-Éric Séralini na wenzake. Waliwalisha panya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba kwa miaka miwili. Tatizo ni kwamba panya wa aina ile huota uvimbe wakizeeka hata ukiwapa chakula cha kawaida, na kila kundi la madume au majike lilikuwa na panya 10 tu, kwa hiyo ni vigumu kutenganisha kilicholetwa na mahindi na kilicholetwa na uzee. Jarida lililouchapisha utafiti huo liliuondoa Novemba 2013. Mwaka uliofuata ukachapishwa upya na jarida jingine, na ubishi ukaendelea. Lakini picha zilikuwa zimeshafika mbali. Kenya ilizuia kuingiza vyakula vya GMO Novemba 2012, miezi miwili tu baada ya picha zile kutoka, na katazo likakaa karibu miaka 10, mpaka baraza la mawaziri lilipoliondoa Oktoba 2022 na watu wakakimbilia mahakamani kulipinga.

Sasa nyanya zetu. Nyanya ngumu unazoziona Ilula kando ya barabara kuu ni chotara. Chotara ni mtoto wa wazazi wawili waliochaguliwa: chavua ya huyu inapakwa kwenye ua la yule. Hakuna kinasaba cha kiumbe kingine kilichoingizwa maabara. Ngozi yake ni nene kwa sababu wazazi walichaguliwa wenye ngozi nene, ili tenga lifike Dar es Salaam bila kugeuka rojo. Nyanya ya GMO iliwahi kuuzwa Marekani kuanzia 1994, ikiitwa Flavr Savr, na baada ya miaka michache ikatoka sokoni. Hapa kwetu hakuna mkulima aliyeruhusiwa kupanda GMO kwa ajili ya kuuza. Mahindi ya majaribio yaliyopandwa Makutupora, Dodoma, Oktoba 2016, yalikuwa ndani ya uzio. Novemba 2018 wizara iliamuru majaribio yasitishwe na mabaki yateketezwe, na Januari 2021 Profesa Adolf Mkenda, akiwa Waziri wa Kilimo, akatangaza kuyafuta.

Kwa hiyo GMO haimo ndani ya tenga langu, shangazi. Kimo kitu kingine, na hicho nilikifahamu kwa mdogo wangu.

Ilikuwa mwaka juzi, mwezi wa pili, mvua zimekolea na ukungu umeshaanza kula majani ya chini. Mdogo wangu alikuwa anapiga dawa shamba la bondeni. Alichanganya tatu kwenye bomba moja: ya ukungu, ya wadudu na busta, yaani mbolea ya kupuliza kwenye majani. Wengi tunafanya hivyo, maana nani ana nguvu ya kuzunguka robo tatu ya ekari mara tatu na mzigo wa lita 16 mgongoni? Alikoroga kwa mkono kwenye ndoo kisha akamimina. Lile bomba lilikuwa linavuja mfunikoni. Kila akiinama, tone lilimteremka mgongoni, mpaka fulana ikawa imelowa kuanzia shingoni hadi kwenye mkanda wa suruali. Nililiona hilo asubuhi ile ile. Nililiona, na sikusema kitu, kwa sababu mabomba ya kijiji kizima yanavuja.

Nilikuwa upande wa juu nafunga miche kwenye miti. Nikamwona amesimama katikati ya matuta, bomba bado liko mgongoni, anatema mate. Anatema, anafuta mdomo, anatema tena, kama mtu aliyekula embe bichi. Nikamwita. Akageuza uso kunifuata kwa sauti, si kwa macho.

"Dada, mbona giza limeingia?"

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka.

Tulimvua fulana, tukammwagia maji ya kisima, tukampakia bodaboda tumembana katikati. Pale zahanati tabibu alimfunua macho, na mimi nikayaona: mboni zimesinyaa zikawa kama ncha ya kalamu. Kope la kushoto lilikuwa linachezacheza lenyewe. Jasho linamtoka utadhani amemwagiwa maji upya. Tabibu aliuliza swali moja tu: "Amepiga dawa gani? Chupa iko wapi?"

Chupa nilikuwa nayo, niliibeba. Ilikuwa chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, haina karatasi wala jina. Dukani tulipimiwa, kama unavyopimiwa mafuta ya kula kwa Mangi. Muuzaji alikuwa ametuambia ni "ile kali ya wadudu", basi. Tabibu aliinusa kwa mbali, akatikisa kichwa, akafuata dalili anazoziona. Alimchoma atropini, dawa ya kupambana na sumu ya aina hiyo, akatuandikia barua ya kwenda hospitali. Mdogo wangu alilala huko siku tatu. Mama alikaa kwenye benchi la nje siku zote tatu, hataki kuingia wala kuondoka.

Muuguzi mmoja wa pale alinieleza kwa utaratibu jambo ambalo kwa miaka tisa ya kununua dawa hakuna aliyewahi kunieleza. Dawa za jamii ile zinamuua mdudu kwa kukizuia kimeng'enya, yaani kemikali ya mwilini, kinachoikata habari inayotoka kwenye neva kwenda kwenye misuli na tezi. Kimeng'enya kikizuiwa, neva inaendelea kuamuru bila kukoma: mate yatoke, jasho litoke, misuli itetemeke, kifua kijae maji, mpaka pumzi ikate. Na kimeng'enya hicho mtu naye anacho. Ni hicho hicho. Tofauti kubwa ni uzito wa mwili, na kiasi kilichokuingia.

Niliporudi nyumbani nilitoa vikopo vyote stoo nikaviweka juani. Chini ya kila lebo halisi kuna ukanda wa rangi. Mwekundu ni sumu kali kabisa, wa njano unafuata, kisha bluu, na wa kijani ndio wenye hatari ndogo. Miaka yote nilidhani ni pambo la kampuni. Chupa ya kupimiwa haina ukanda, na haina ile mistari midogo inayosema uvae nini, wala siku ngapi usubiri kabla ya kuchuma. Kwa nini tunanunua za kupimiwa? Kwa sababu chupa nzima ni hela ambayo mwezi wa pili hakuna mkulima anayo.

Tulifikaje huko kwenye kuchanganya tatu? Mwulize mkulima yeyote wa nyanya, atakujibu kwa neno moja: kantangaze. Ni nondo mdogo wa kijivu aliyetoka Amerika ya Kusini, akaingia Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 akaonekana Ngarenanyuki, Arusha. Kwetu tunasema jina lake linajieleza: nenda kanitangaze kwamba nimekufilisi. Funza wake hakai juu ya jani. Anaingia katikati, kati ya ngozi ya juu na ya chini, anakula nyama akiacha jani limebaki kama karatasi ya nailoni. Ukipuliza, dawa inabaki juu na yeye yuko ndani. Wanaokufa ni nyigu na buibui waliokuwa wanamsaidia mkulima. Wachache wa kantangaze wanaopona ndio wanaozaana, na watoto wao hawaisikii tena dawa ile. Basi unapuliza kila wiki. Msimu unaofuata mara mbili kwa wiki. Kisha unatafuta "ile kali".

Halafu dalali anapiga simu: gari linapakia kesho alfajiri, bei iko juu. Na wewe umepuliza jana.

Nimechuma nyanya za namna hiyo. Si mara moja. Nilikuwa nikizifuta kwa kitambaa ili madoa yasionekane, ile rangi ya unga wenye umanjano unaokaukia karibu na kikonyo. Shangazi, madoa hayo ndiyo ungeyapigia kelele kwenye kundi. Mengi ni dawa ya ukungu iitwayo mankozebu. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliamua mwaka 2020 kutoiongezea kibali, kwa sababu ya madhara yake kwenye uzazi na homoni. Kwetu ndiyo ya kila siku. Inakaa juu ya ngozi, haiingii ndani ya tunda, kwa hiyo maji mengi na kusugua kwa mkono vinaondoa sehemu kubwa. Ukiitumbukiza nyanya sufuriani na madoa yake, moto unaigeuza sehemu ya dawa hiyo kuwa kemikali nyingine inayosumbua tezi ya shingo. Osha kabla hujakata. Lakini zipo dawa nyingine zinazonywewa na mmea na kuingia mpaka ndani ya nyanya, na hizo hakuna kuosha kunakozitoa. Suluhisho lake ni siku za kusubiri kabla ya kuchuma, na siku hizo ziko mikononi mwetu sisi huku shambani.

Kuhusu GMO nakiri kuna habari moja iliyonitikisa. Bangladesh, tangu 2014, wakulima wanapanda biringanya zilizowekewa kinasaba cha bakteria wa udongo ili funza wa tunda afe akitafuna, bila bomba. Nikikumbuka fulana ya mdogo wangu, siwezi kuipuuza habari hiyo. Ila nakumbuka pia Burkina Faso. Walianza pamba ya namna hiyo mwaka 2008, funza wakapungua kweli, lakini nyuzi zikatoka fupi, soko likashusha thamani, na kufikia 2016 wakaiacha. Hasara ya namna hiyo haimpati aliyeuza mbegu peke yake. Hofu yangu iko hapo, kwenye mbegu kuwa mali ya duka. Kipakiti cha chotara tayari kinazidi bei ya gunia la mahindi mwaka wa mavuno mazuri, na mbegu ukiikamua mwenyewe watoto hawafanani na mama yao.

Mama bado ana Tengeru 97, nyanya iliyotolewa na watafiti wa Arusha, ambayo mbegu yake unaweza kuihifadhi. Anachagua tunda la mti usioumwa, analikamua kwenye kopo, anaacha siku mbili mpaka povu jeupe lipande na ule utelezi ulegee. Anaosha kwenye chujio la chai, anaanika kwenye kipande cha gazeti darini, mbali na kuku. Kikikauka anakikunja hivyo hivyo na mbegu zikiwa zimeng'ang'ania maandishi. Nyanya yake hatuipeleki mbali. Tunaiuza hapa hapa Ilula, na ndiyo tunayokula.

Kwa zile za safari nimebadilisha nilivyoweza. Nimetega mabeseni ya maji ya sabuni, juu yake kinaning'inia kivutio chenye harufu ya nondo jike. Asubuhi unakuta madume yameelea kama makapi. Nazungushia maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa. Majani yenye michoro nayachuma na kuyafukia. Msimu uliopita nilipuliza mara 5, zamani ilikuwa 12. Nilipoteza karibu robo ya mavuno, sitaficha, na mwezi ule ada ya mtoto nilikopa. Dawa ya kupimiwa sinunui tena. Mdogo wangu anashika bomba lisilovuja, amevaa glavu na koti la mvua, na bado vidole vyake vinatetemeka akishika kikombe cha chai.

Na kuna jambo moja dogo nimeanza. Kwenye kila tenga naweka kipande cha boksi nilichoandika kwa kalamu nene: "Dawa ya mwisho," na tarehe. Mara ya kwanza dalali alivitoa vyote akavitupa, akasema nitamharibia soko. Siku hizi navilaza chini ya safu ya tatu, vitakutwa na anayepakua.

Wiki iliyopita alinipigia mama mmoja anayeuza soko la Ilala. Namba yangu aliipata nyuma ya boksi. Akanisalimia, akauliza tarehe ile ni ya nini. Nikamweleza, polepole, kama nilivyokueleza wewe hapa. Akanyamaza kidogo. Nikasikia kelele za wapakuaji nyuma yake.

"Sasa mwanangu," akasema, "na haya matenga mengine?"