Gome la kahawia kwenye kaktasi: lipi la kuacha, lipi la kutibu

Kabla ya kutafuta dawa, tazama gome limeanzia wapi. Kaktasi inapozeeka, ngozi ya kijani ya chini hukauka na kuwa gome gumu la rangi ya udongo. Huanzia kwenye usawa wa udongo, hulizunguka shina lote na kupanda taratibu mwaka hadi mwaka. Cereus, Echinopsis, Astrophytum na mpungate zote hufanya hivyo, na shina hupata nguvu ya kubeba uzito wa juu. Hilo liache.

La kutilia shaka ni lile lililoanzia kileleni, lililo upande mmoja tu, lililotawanyika kama vipele, au lililopanda haraka ndani ya msimu mmoja kwenye mmea ambao bado mchanga. Libonyeze kwanza kwa kijiti cha meno. Likiwa kavu na gumu, ni gome. Likibonyea, likitoa majimaji au kunuka, huo ni uozo, na uozo hukatwa siku hiyohiyo.

Wengi hukimbilia dawa ya ukungu. Ni nadra kuwa ukungu. Gome linaloanzia kileleni mara nyingi ni kazi ya utitiri mwekundu, ambao hufyonza pale ngozi inapokuwa changa na laini, kisha sehemu hiyo hufanya kijivu, halafu rangi ya kutu. Rebutia, Mammillaria na Lobivia ndizo huumia zaidi. Utitiri hupenda joto, ukavu na hewa isiyotembea, kwa hiyo mimea iliyo chini ya paa au nyuma ya kioo huwa hatarini kuliko inayonyeshewa mvua. Weka karatasi nyeupe chini ya mmea, piga piga miiba kwa brashi, kisha tazama kwa lenzi ya kukuza mara 10: nukta zinazotembea ndizo zenyewe. Utando mwembamba baina ya miiba ni dalili kwamba wameshakuwa wengi.

Utitiri una miguu minane, si mdudu wa miguu sita, na dawa nyingi za wadudu hazimuui. Zile za jamii ya pairethroidi huweza hata kuzidisha tatizo, maana huua wanaomla na kumwacha yeye. Anza kwa kuosha mmea kwa maji yenye nguvu kiasi, kisha pulizia mafuta ya bustani (yale maalumu ya kupulizia mimea) mililita 10 kwa lita moja ya maji, jioni, ukihakikisha yanaingia kwenye mifereji baina ya mbavu. Uweke mmea kivulini siku kadhaa, kwa sababu mafuta na jua kali huunguza. Usiyatumie kwenye kaktasi yenye unga mweupe au nta ya bluu: yatauondoa na hautarudi. Kwa hizo, tumia salfa ya kuchanganya na maji au dawa ya utitiri kama abamektini, kwa kipimo cha kwenye kibandiko. Salfa isipuliziwe joto likizidi nyuzi 30, wala ndani ya wiki mbili baada ya mafuta. Kwenye joto, mayai huanguliwa kwa siku chache, kwa hiyo rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, mara tatu. Anayepulizia mara moja na kuridhika hurudi mwanzo mwezi ujao.

Gome la upande mmoja kwa kawaida ni jua. Sehemu inayoelekea jua hupauka kwanza, nyeupe au manjano, kisha hukauka. Hutokea mmea unapotolewa kivulini na kuwekwa juani ghafla, au chungu kinapogeuzwa. Tia alama kwenye chungu ili upande uleule ubaki ukielekea jua, na uzoeshe mmea kwa wiki mbili hadi nne chini ya wavu wa kivuli.

Vipele vilivyotawanyika hutokana na maji. Mizizi inanyonya kuliko ngozi inavyoweza kupumua, hasa siku za mawingu na unyevu, seli hupasuka, na kidonda hupona kwa gome. Mbolea yenye nitrojeni nyingi huongeza ulaini huo. Mwagilia asubuhi, udongo ukiwa umekauka mpaka chini ya chungu, na siku za mawingu acha kabisa. Nusu ya mchanganyiko au zaidi iwe kokoto nyepesi za volkano au mchanga wa chembe kubwa, si mboji. Mbolea iwe ya nitrojeni kidogo, robo hadi nusu ya kipimo.

Maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, nayo huacha ukoko mweupe kwenye kitako, na mizizi hufanya kazi vibaya. Maji ya mvua ni bora. Usipoyapata, ongeza siki nyeupe kidogo kidogo huku ukipima kwa karatasi za pH mpaka ifike kati ya 5.5 na 6.5.

Gome lililokwisha kutokea halirudi kuwa kijani, na kulisugua kwa brashi kunaongeza vidonda tu. Kipimo cha tiba ni ukuaji mpya: ukitoka safi, umeshinda.

Gome likiwa limekaba kilele kizima, subiri msimu wa ukuaji ukate. Futa kisu kwa spiriti ya asilimia 70, kata mpaka ufike kwenye nyama safi isiyo na duara la kahawia, na ufute kisu baada ya kila kipande. Kipande chenye ukuaji mzuri kiache kivulini, penye hewa, hadi kidonda kiwe kigumu: wiki moja au mbili kwa shina jembamba, hadi nne kwa nene. Kisimamishe juu ya mchanganyiko mkavu, na usimwagilie mpaka mizizi ionekane. Kisiki nacho usikitupe. Paka salfa ya unga kwenye kidonda na ukiache juani kama kawaida. Macho ya miiba, yaani vinundu ambamo miiba huota, ambayo bado ni ya kijani huweza kutoa machipukizi.