Bei ya siku ya mshauri wa miradi

Dodoma, Jumapili jioni, Novemba

Mvua haziko mbali, na kwa anayeanza kazi ya ushauri wa miradi hapa Dodoma, hilo ndilo la kwanza kuingia kwenye ratiba. Vitabu vya usimamizi wa miradi huchora mwaka kama miezi 12 inayofanana. Huku kwetu haifanani hata kidogo.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Hadi fedha zifike halmashauri, zabuni itangazwe na mkataba usainiwe, mara nyingi Oktoba au Novemba imeshaingia. Nasi mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Msimu huo wakulima wa mtama, uwele na alizeti wako shambani tangu alfajiri, kwa hiyo mkutano wa kijiji ulioitishwa saa nne asubuhi haupati akidi. Makorongo yanajaa, barabara za udongo za Bahi na Chemba zinakatika, na mchanga wa mtoni hauchimbiki kwa sababu mto wenyewe umerudi. Mvua ikipungua, imebaki Mei na Juni, na kila ofisi inakimbizana kumaliza fungu kabla halijarudi Hazina.

Kwa hiyo kazi inayohitaji watu vijijini ipange kati ya Juni na Oktoba. Miezi ya mvua iachie usanifu, ununuzi, mafunzo ya ukumbini na uandishi. Mteja aking'ang'ania Januari, usigombane naye: ongeza siku, kisha andika kwenye rejista ya vihatarishi (jedwali la mambo yanayoweza kukwamisha mradi) kwamba barabara inaweza kukatika, na nani atalipa gari likilala Kongwa usiku wa ziada. Safu hiyo ya "nani atalipa" wengi huiacha wazi, na ugomvi huanzia hapo hapo.

Sasa bei. Hapa ndipo vijana wanaotoka Chuo cha Mipango na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) huumia zaidi, maana wamefundishwa bangokitita (jedwali la malengo, shughuli na matokeo ya mradi) na viashiria vizuri tu, ila hawakufundishwa kujipimia. Hesabu yenyewe si ngumu. Mwaka una siku 365. Toa siku 104 za wikendi, sikukuu 17 hivi, na siku 24 za likizo na kuugua, zinabaki 220. Katika hizo, mshauri mpya akipata nusu zinazolipwa amefanya vizuri, kwa sababu nusu nyingine inaliwa na kuandika maandiko, kufuatilia malipo na kukaa kwenye mabenchi ya ofisi za watu. Una siku 110 za kuuza. Tuseme unataka kubaki na shilingi milioni 36 kwa mwaka, na gharama za ofisi, usafiri, intaneti na mafunzo ni milioni 12. Milioni 48 ukigawanya kwa 110 ni kama 436,000. Iweke 440,000 kwa siku. Anayegawanya kwa 220 anajitangazia nusu bei bila kujua, na mwezi wa nne anaanza kukopa.

Kisha hesabu siku za kazi kwa ukweli. Chukua tathmini ya mradi wa visima katika vijiji 8. Maandalizi na madodoso siku 3. Barua ya utambulisho, kuripoti kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa watendaji wa kata siku 2. Hatua hii haina njia ya mkato, na mtendaji wa kijiji asiyepata barua ana haki ya kukurudisha. Vijiji siku 8, safari siku 2, kuchakata takwimu siku 5, rasimu siku 4, kikao cha kuthibitisha matokeo siku 1, marekebisho siku 3. Jumla 28, yaani shilingi 12,320,000. Anayeanza huona siku 8 za vijiji na 4 za kuandika, basi anaandika 12. Zile 16 anazifanya bure.

Kwenye malipo hayo mteja atakata kodi ya zuio ya asilimia 5, shilingi 616,000. Hiyo si hasara, ni kodi yako iliyotangulia. Dai cheti chake siku hiyo hiyo, maana bila cheti utashindwa kuionyesha TRA. Nauli, malazi na posho za wadodosaji ziandike mbali na ada. Na useme wazi kama bei ina VAT ya asilimia 18 ndani yake au la. Kunyamaza hapo ni kuchezea karibu moja ya tano ya mkataba.

Hadidu za rejea, yaani maelezo ya mteja ya kazi anayotaka, zisome kwa kalamu mkononi. Maneno ya kuwinda ni "pamoja na kazi nyingine zitakazohitajika". Yafute, au yawekee kikomo cha siku. Malipo ya asilimia 20 kwa taarifa ya awali, 40 kwa rasimu na 40 kwa taarifa ya mwisho ni mgawanyo wa kawaida, lakini ile 40 ya mwisho hufungwa kwenye "kukubaliwa" kusiko na tarehe. Omba kifungu kimoja: maoni yote yaletwe kwa pamoja, kwa maandishi, ndani ya siku 10 za kazi, zikipita kimya, rasimu imekubaliwa. Mteja mwenye nia njema hakatai. Anayekataa amekwisha kukueleza jambo muhimu.

Kuhusu vyeti nitasema kwa ufupi. PMP, cheti cha kimataifa cha meneja wa miradi, inataka mwenye shahada awe na miezi 36 ya kuongoza miradi na saa 35 za mafunzo, kwa hiyo mhitimu wa jana asiikimbilie. CAPM, mdogo wake kwa wanaoanza, haidai uzoefu, ni saa 23 za mafunzo. Vyote vinasaidia kupita mchujo wa mashirika ya kimataifa. Halmashauri na vyama vya ushirika watakuuliza kwanza ulifanya wapi. Ndiyo maana kuanza chini ya mshauri mkubwa, ukilipwa kwa siku, si aibu. Hakikisha tu jina lako linatajwa ndani ya ripoti.

Makaratasi mengine yanajulikana: jina la biashara au kampuni kwa wakala wa usajili, BRELA, namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya biashara, mashine ya EFD ya kutolea risiti. Kazi za serikali hupita NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni uliochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, mwaka 2023. Jisajili kabla hujaona tangazo. Siku ya mwisho ya zabuni si siku ya kugundua kwamba jina lako la TIN na la BRELA yamepishana herufi moja.

Kwenye makadirio ya muda, usitoe namba moja kichwani. Mathalani saini za kamati ya mradi: zikienda vizuri siku 3, kawaida 7, zikikwama 23. Jumlisha 3, mara nne ya 7, na 23, gawanya kwa 6: unapata siku 9. Mteja atakwambia 9 ni nyingi kwa saini tu. Mwonyeshe ile 23 imetoka wapi, mwenyekiti akiwa msibani na katibu akiwa masomoni, mwache mwenyewe apunguze na aandikwe kwenye muhtasari wa kikao kuwa ndiye aliyepunguza. Muhtasari huo utumwe ndani ya saa 24 kwa barua pepe, hata kama makubaliano yalifanyika kwenye kundi la WhatsApp. Afisa akihamishwa Juni, anayekuja hana simu ya mwenzake.