Msiniambie Nipunguze Mawazo

Leo tena mtu kaniambia nipunguze mawazo. Ni mwenzangu wa kazini, mwenye roho nzuri kabisa, alinikuta nimeinamia meza huku nimeshika tumbo. "Punguza mawazo, utapona tu," akasema, kisha akaenda zake. Sikumjibu. Jibu lake ni refu, na watu wanaokupa pole huku wanatembea hawana muda wa jibu refu. Basi naliandika hapa.

Nina ugonjwa wa Crohn. Kinga ya mwili, inayopaswa kupigana na vijidudu na kisha kutulia, haitulii; inaendelea kuushambulia utumbo ambao ni wake mwenyewe. Ugonjwa huu unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, ila mara nyingi hukaa mwisho wa utumbo mwembamba, pale unapoungana na utumbo mpana. Wangu uko hapohapo. Hushika kipande, ukaruka kingine, ukashika tena mbele, na hauishii juujuu: huumiza unene wote wa ukuta wa utumbo. Ndiyo maana huacha makovu, njia ikawa nyembamba, na wengine hupata fistula, yaani njia isiyo ya kawaida inayotoboka kutoka utumboni hadi kiungo kingine au ngozi. Tiba ya kuumaliza haijapatikana. Zipo dawa za kuulaza, na mimi husema hivyo hivyo: umelala, au umeamka.

Jina ni la Burrill Crohn, daktari wa New York, ambaye mwaka 1932 aliuandikia makala pamoja na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer. Majina yao yalipangwa kwa alfabeti, herufi C ikamfanyia kazi iliyobaki. Mwaka 1913 daktari mpasuaji wa Scotland, Kennedy Dalziel, alikuwa ameshaeleza wagonjwa wenye matumbo ya namna hii, wala hakuna anayemkumbuka. Mimi humkumbuka kidogo nikiwa na hasira na ugonjwa, kwa sababu ambazo siwezi kuzieleza.

Sasa hayo mawazo.

Hii imani kwamba tumbo linaugua kwa sababu mwenye tumbo anawaza sana haikuanza na mwenzangu wa kazini. Katikati ya karne ya 20 madaktari wakubwa waliifundisha. Franz Alexander, aliyefanya kazi Chicago, aliweka vidonda vya tumbo na vidonda vya utumbo mpana kwenye orodha ya magonjwa yaliyohusishwa na migogoro ya moyoni isiyosemwa. Mgonjwa akija na maumivu, aliulizwa habari za mama yake. Kisha Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, wakasema vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na bakteria. Walipopuuzwa, Marshall akawanywa bakteria wenyewe, mwaka 1984, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Watu waliokuwa wakiambiwa kwa miaka mingi watulize roho walipewa antibiotiki, wakapona.

Sisi wa Crohn hatujapata bakteria wetu wa kunyweka. Kinachojulikana ni mchanganyiko: urithi wa vinasaba, kinga, vijidudu wanaoishi ndani ya utumbo, na mambo ya nje kama uvutaji wa sigara, ambao huuzidisha ugonjwa huu. Pengo lolote linalobaki kwenye maelezo, watu hulijaza na mawazo.

Nisije nikaonekana nakataa kila kitu. Utumbo na ubongo vinazungumza, hilo halina ubishi. Ukuta wa njia ya chakula una mtandao wake wa neva, chembe zaidi ya milioni 100, unaoweza kuendesha shughuli nyingi za utumbo bila kusubiri amri kutoka kichwani. Ipo neva ndefu ya vegasi inayounganisha pande mbili, na nyuzi zake nyingi hupeleka habari juu, kutoka tumboni kwenda kwenye ubongo. Hili lilinishangaza nilipolisoma. Nilikuwa nimezoea kudhani kichwa ndicho kinachosumbua tumbo, kumbe tumbo ndilo lenye maneno mengi. Ukiwa na utumbo uliovimba, ubongo unapokea malalamiko mchana na usiku. Wasiwasi na huzuni vikiingia hapo, vimepitia mlango wa chini. Dawa nazo huongeza yake. Nikiwa kwenye steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, sipati usingizi, uso unavimba, nalia kwa sababu ya tangazo la redio, na siwezi kuziacha ghafla kwa sababu mwili unakuwa umesahau kutengeneza zake.

Kuna kisa cha zamani nakipenda. Mwaka 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana wa kampuni ya biashara ya manyoya aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Akapona, lakini tundu la tumbo halikuziba. Daktari wa jeshi, William Beaumont, akaona bahati yake. Kwa miaka kadhaa alikuwa akimshushia vipande vya chakula tumboni kwa uzi, anavivuta, anaangalia vimefikia wapi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1833, na ndani yake aliandika kwamba mgonjwa akikasirika, usagaji wa chakula unavurugika. Kisa hiki hutajwa kuthibitisha kwamba hisia zinaathiri tumbo, na ni kweli. Mimi nikikisoma namwona St. Martin. Mtu anakuning'inizia nyama tumboni kwa uzi, kisha anaandika kwa mshangao kwamba umekasirika.

Kwa hiyo msongo wa mawazo unafanya kazi tumboni. Swali langu ni kazi gani. Hapo ndipo ushahidi wa mwili wangu umekataa kukaa upande mmoja.

Kulikuwa na msimu mbaya. Kazi ilikuwa inayumba, mama alikuwa anaumwa, nalala vipande vipande. Kila asubuhi tumbo linakata, nakimbia chooni kabla sijavaa viatu. Nikajua tu umeamka. Daktari akataka kipimo cha kinyesi, cha kalprotektini, protini inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu zinapojazana katika utumbo uliovimba. Majibu yakaja: kiwango kiko chini, uvimbe hakuna. Nilikaribia kumgombeza. Maumivu haya nimeyatoa wapi basi? Akanieleza bila haraka kwamba utumbo uliowahi kuumia unaweza kubaki na neva nyepesi, zinazopiga kelele hata ukuta ukiwa mzima, na msongo huzichochea na kuuharakisha utumbo. Maumivu ni ya kweli, kuharisha ni kwa kweli, ila Crohn yenyewe imelala. Wako wengi wa hivyo, akasema.

Halafu kulikuwa na msimu mzuri. Nimechukua likizo, naamka bila kengele, nacheka na dada yangu mpaka machozi. Mawazo hayakuwepo, ningeapa. Ndani ya msimu huo huo uzito ukaanza kushuka, nikawa nahema kwa kupanda ngazi kwa sababu damu ilikuwa imepungua, na kalprotektini ikapanda juu. Ugonjwa uliamka nikiwa na furaha kuliko nilivyokuwa kwa muda mrefu.

Misimu hiyo miwili naibeba kichwani kila ninaposikia ushauri. Wa kwanza ungetibiwa kwa steroidi, ningevimba uso bure. Wa pili ungetibiwa kwa "punguza mawazo", utumbo ungeendelea kujiwekea makovu kimya kimya huku mimi nikijilaumu kwamba sijatulia vya kutosha. Hiyo lawama ndiyo inayonikera hasa. Mtu akikwambia ugonjwa wako unatokana na mawazo, amekupa kazi ya kuwa na furaha kwa bidii, na ukiumwa tena maana yake umeshindwa kazi.

Kwa hiyo ninachofanya siku hizi ni kutenganisha. Nina daftari, ukurasa wa kushoto ni wa mwili: nimekwenda choo vipi, kuna damu au hakuna, nimeamka usiku kwa ajili ya choo au la, uzito, homa. Ukurasa wa kulia ni wa maisha: nimelala vipi, nimegombana na nani, naogopa nini. Sijaribu kuunganisha kurasa mbili kila siku, maana binadamu akitafuta sababu hakosi kuipata. Naziacha zikae, nampelekea daktari. Kuamka usiku na kushuka uzito ni habari ambazo yeye huzichukulia kwa uzito kuliko maumivu ya asubuhi ya kikao, na mimi nimejifunza kumfuata.

Kupumua nako nafanya. Taratibu, kwa tumbo, kutoa pumzi kurefu kuliko kuvuta. Nilianza kwa dharau kubwa na nusu ya dharau bado ninayo, hasa kwa watu wanaoyafundisha mambo haya kwa sauti laini kama wanambembeleza mtoto. Lakini asubuhi za kukatwa tumbo huku vipimo vikiwa safi, kunapunguza makali. Ugonjwa ukiwa umeamka, kunanisaidia kungoja miadi bila kuchanganyikiwa, basi. Hakujawahi kushusha uvimbe wangu hata kidogo na sikutarajii. Mshauri nasaha ninayemwona amenisaidia zaidi ya pumzi, labda kwa sababu hakuwahi kunigusia habari ya kupona. Tulizungumza namna ya kuishi na mwili usiotabirika, na namna ya kumwambia bosi.

Maana msongo wangu mkubwa, nikiutazama vizuri, ni choo. Kifo sikifikirii, na maumivu nimeyazoea kwa namna fulani. Nikiingia jengo lolote macho yangu yanatafuta mlango wa msalani kabla ya kutafuta mtu niliyekuja kumwona. Safari ndefu naianza kwa njaa, maana tumbo tupu halidai. Kwenye mkoba kuna nguo ya ndani ya akiba na karatasi laini, na nimekataa mialiko mizuri kwa sababu tu sikujua choo kiko wapi. Mtu anayetaka kweli kunipunguzia mawazo aniambie hilo: "Choo kiko pale, kinafungika, na hakuna atakayeuliza." Siku niliyomweleza bosi kwamba nitatoka katikati ya kikao bila kuomba ruhusa, naye akasema sawa na kuendelea na mambo yake, tumbo lilituliza zogo lake kwa wiki kadhaa. Sijui kama kuna zoezi la pumzi lingefanya hivyo.

Watu hunitajia Dwight Eisenhower, rais wa Marekani, aliyekuwa na Crohn. Utumbo uliziba, akapasuliwa Juni 1956, na Novemba mwaka huo huo akashinda tena uchaguzi. Wananitajia kunipa moyo. Moyo naupokea, ingawa Eisenhower alipotoweka kwa dakika 20 hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi.

Uchovu bado sijaupatia ufumbuzi. Ni uchovu usioondolewa na usingizi, na unabaki hata ugonjwa ukilala. Sehemu yake ni damu na madini ya chuma. Sehemu nyingine ni vitamini B12, inayofyonzwa mwisho wa utumbo mwembamba, mahali penyewe palipoharibika kwangu, kwa hiyo naipata kwa sindano. Ukiondoa hivyo vyote bado kuna uchovu unabaki, na huo siuandikii chochote cha busara. Nalala mapema, watu wanakasirika, yanapita.

Sasa nimeshika tumbo tena, kwa wiki nzima, na sijui ni neva au ni ukuta. Ukurasa wa kushoto unaonyesha nimeamka usiku, jambo ambalo silipendi. Ukurasa wa kulia hauna kitu cha maana, wiki ilikuwa tulivu. Nimepiga simu kliniki, nimepata nafasi Jumanne, na kikopo cha kinyesi nitakipeleka kesho ili majibu yawahi. Maswali ya daktari nimeyaandika tayari: kama kipimo kiko juu, je, dozi ya dawa ninayowekewa kwa dripu isogezwe karibu au tupime kwanza kama dawa bado ipo ya kutosha kwenye damu? Kama kiko chini, tunafanya nini na haya maumivu, maana kuniambia kwamba hakuna kitu hakutoshi? Na kamera ya kuchungulia utumbo, ile iliyoahirishwa, inafanyika lini?