Anakojoa, au mkojo unamtoka?

Kwa karibu miezi miwili niliamini kwamba mbwa wangu ananifanyia makusudi. Tausi alikuwa na umri wa miaka minane, na tangu akiwa mdogo hakuwahi kuchafua nyumba. Akibanwa, alisimama mlangoni na kunung'unika kwa sauti ndogo mpaka umfungulie. Kisha asubuhi moja nikakuta tandiko lake limelowa. Siku tatu baadaye likalowa tena. Wiki iliyofuata nilirudi kutoka kazini, nikafungua mlango, naye Tausi akaja kunipokea, na kwenye sakafu mbele ya miguu yangu kukawa na dimbwi dogo.

Nilimkaripia. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilimshika mkanda wa shingo, nikamvuta hadi kwenye tandiko, nikamnyooshea kidole huku nikipaza sauti. Alilaza masikio, akageuza uso pembeni, mkia ukaingia katikati ya miguu. Nikamwambia mke wangu, "Unaona? Anajua kosa lake." Akanijibu, "Anakuogopa wewe. Kosa lenyewe halijui."

Mke wangu alikuwa sahihi, na si yeye peke yake aliyeliona hilo. Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa nchini Marekani, alichapisha mwaka 2009 matokeo ya jaribio alilofanya na mbwa 14. Wenye mbwa waliwakataza wasile kipande cha chakula, kisha wakatoka chumbani. Waliporudi, wengine walielezwa ukweli, wengine wakaambiwa mbwa amekula ilhali hakula. Ile sura ya "nimekosa" ilitokea mbwa alipokaripiwa, awe amekula au hakula, na walioionyesha zaidi ni waliokaripiwa bure. Nilisoma habari hiyo nikiwa nimeshamfokea Tausi mara nyingi.

Nilipofika kwa daktari wa mifugo nilitaka kujua jambo moja tu: nimfundishe vipi upya. Hakujibu. Aliniuliza, "Anakojoa, au mkojo unamtoka?"

Sikuwa na la kusema. Miezi miwili nimefuta sakafu, nimefua matandiko, nimegomba, na sijawahi kuuona mkojo ukitoka. Nilikuwa nikikuta tu umeshatoka.

Akanieleza taratibu. Anayekojoa anajua anachofanya: anatafuta mahali, anachuchumaa, anamaliza, anaondoka. Sababu zake zinaweza kuwa nyingi, kama kubanwa kwa muda mrefu, maambukizi kwenye kibofu, hofu, kuweka alama ya harufu kwenye eneo lake, au uzee uliomsahaulisha mlango ulipo. Anayetokwa na mkojo hana habari. Amelala au anatembea, na mkojo unateremka wenyewe. "Ndugu yangu," akasema, "ukija tena usinieleze tabia ya mbwa. Nieleze mkojo."

Akanipa kazi ya wiki moja. Niandike kila tukio: saa, mahali, ukubwa wa dimbwi, na mbwa alikuwa akifanya nini dakika chache kabla. Nipime maji anayokunywa. Na nilete mkojo wa asubuhi katika chombo safi.

Maji yalikuwa rahisi. Asubuhi nilijaza bakuli kwa kipimo cha mililita 2,000, na kesho yake saa ileile nikapima yaliyobaki. Tausi ana kilo 20, na kwa siku alikuwa akinywa kama mililita 1,100. Mbwa anayezidisha mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku anatia wasiwasi, kwa hiyo yeye alikuwa mbali na hapo. Kipimo hicho ni muhimu kuliko kinavyoonekana, kwa sababu kisukari, ugonjwa wa figo, hata dawa za steroidi humfanya mnyama anywe sana, na maji yakiingia mengi lazima yatoke mengi. Mbwa jike ambaye hajafungwa kizazi akianza kunywa maji kupita kawaida, awahishwe hospitali, maana inaweza kuwa usaha umejaa kwenye mfuko wa uzazi. Na jambo ambalo watu wengi hushauriana, la kumnyima mnyama maji ili asilowanishe nyumba, daktari alinikataza kwa maneno makali. Kama figo ndizo zenye shida, unammaliza.

Kukinga mkojo ndiko kulikonisumbua. Siku ya kwanza nilipeleka kikombe, Tausi akasikia kitu kikimgusa, akainuka na kukatisha. Siku ya pili nikachukua upawa wenye mpini mrefu, nikatembea nyuma yake kana kwamba sina shughuli naye, nikasubiri achuchumae kabisa na mkojo uanze kutiririka, ndipo nikauingiza chini taratibu kutokea nyuma. Nilipata vijiko vitatu hivi. Vilitosha. Haukuwa na sukari wala damu, wala dalili ya maambukizi, na ulikuwa mzito vya kutosha kuonyesha kwamba figo zinafanya kazi.

Daftari ndilo lililofungua mambo. Nilipolisoma mwisho wa wiki niliona matukio ya aina mbili yasiyofanana hata kidogo. Aina ya kwanza ilitokea usiku au baada ya usingizi mrefu wa mchana, kwenye tandiko tu, doa pana kama sahani. Aina ya pili ilitokea mlangoni, jioni, nilipoingia mimi. Mke wangu alipoingia, hakuna. Vijimatone, au dimbwi lisilozidi kiganja.

Usiku wa sita niliketi sakafuni karibu naye na tochi niliyoifunika kwa kitambaa. Alilala ubavu, akikoroma kidogo, miguu ikitikisika kama anayekimbia ndotoni. Saa nane hivi nikaona kitambaa cheupe nilichomtandikia kinabadilika rangi chini ya paja la nyuma. Doa lilianza dogo kama sarafu, likatambaa polepole kufuata nyuzi za kitambaa. Tausi hakufumbua jicho. Alipumua vilevile. Nilipogusa, palikuwa na uvuguvugu. Dakika kadhaa baadaye aliamka mwenyewe, akanusa pale, akajilamba, kisha akaniangalia na kurudi nyuma hatua mbili akitazama mkono wangu.

Mkojo ulikuwa unamtoka. Alifungwa kizazi akiwa na mwaka mmoja, na daktari alinieleza kwamba kwa baadhi ya mbwa majike, hasa wenye miili mikubwa, kukosekana kwa homoni ya estrojeni hulegeza msuli unaofunga mlango wa kibofu. Dalili zinaweza kuchelewa miaka mingi. Akiwa macho msuli unamudu. Akilala usingizi mzito, unaachia. Alimwandikia vidonge vya fenilpropanolamini, vinavyoukaza msuli huo, akampima shinikizo la damu kwanza kwa sababu dawa hiyo inaweza kulipandisha. Kabla wiki mbili hazijaisha tandiko lilikuwa kavu asubuhi.

Lakini vidonge havikuondoa matone ya mlangoni. Hayo niliyaleta mimi. Mbwa anayemwogopa mtu hujishusha, hulaza masikio, na kukojoa kidogo ni sehemu ya lugha yake ya kusema "sina ugomvi nawe". Kila nilipomfokea, alilisema kwa nguvu zaidi. Hapo hakuna dawa. Ilinibidi nijifunze kuingia ndani ya nyumba yangu upya: siinami juu yake, simtazami machoni, nasimama ubavu-ubavu, napitiliza hadi uani naye akinifuata, na huko ndiko tunakosalimiana. Ilichukua karibu miezi mitatu, muda mrefu kuliko ugonjwa wenyewe.

Kuhusu usafi nitasema mafupi. Dawa za kusafishia zenye amonia ziache, kwa kuwa harufu yake inafanana na ya mkojo na inamwita mnyama arudi palepale. Klorini usiimwage juu ya mkojo mbichi, hutoa hewa inayodhuru mapafu. Kinachofaa ni dawa yenye vimeng'enya, ambavyo huvunjavunja mkojo wenyewe, na uiache ikae muda ulioandikwa kwenye chupa kabla ya kufuta.

Mwaka uliofuata swali lile la daktari likarudi kwa sura nyingine. Tuna paka dume, Chui. Jumapili moja mchana nilimkuta amechuchumaa kwenye sinki la bafuni, mahali ambapo hajawahi kwenda. Zamani ningemfukuza. Safari hii nilisimama nikatazama. Alikaza mgongo, mkia ukatetemeka, akatoa sauti nzito ya kooni, akaruka chini. Nikapitisha kidole kwenye sinki: pakavu. Akaenda kwenye beseni lake la mchanga, akachimba, akachuchumaa, akakaa muda mrefu. Nikachakura mchanga wote. Mkavu. Akarudi kwenye sinki.

Huyu alikuwa anakojoa na mkojo hautoki. Nikampigia daktari simu, naye akasema, "Mlete sasa hivi, usingoje kesho." Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno, na ikizibwa na vijiwe au ute, sumu hurudi kwenye damu, potasiamu hupanda, na moyo unaweza kusimama ndani ya siku moja au mbili. Daktari alimpapasa tumbo, akaniwekea vidole nami nikahisi kibofu, kigumu na cha duara kama chungwa. Alimlaza kwa dawa, akampitishia mrija, akabaki naye siku tatu.

Nyumbani tuliongeza beseni la pili mahali pa utulivu na kumbadilishia chakula kiwe chenye majimaji zaidi. Usiku wa kwanza sikulala. Alfajiri nikamsikia akichimba mchanga, kisha kimya. Nikasimama nje ya mlango wa bafu, Tausi akiwa ameegemea mguu wangu, mpaka niliposikia mkojo ukiloweka mchanga, mwembamba lakini usiokatika, hadi akamaliza na kuanza kufukia.