Maziwa ya Kiume

Kitindamimba wetu, yule yule wa maswali, jana kanibwagia daftari la Kiswahili mapajani: "Mama, nani aliamua kiti kiwe KI-VI na meza iwe I-ZI?" Mawazo yakanirudisha enzi zile najiandaa kwa kazi ya Msumbiji, Kireno changu chote kikiwa *bom dia* na *obrigada*.

Siku hiyo mwalimu aliingia bila kitabu, akaandika ubaoni: *A menina bebe leite frio.* Msichana anakunywa maziwa baridi. Akatusomesha kwa sauti, kisha akafuta *leite* peke yake, akaweka *água*. Akasogea pembeni, mikono kifuani, kimya. Tukamtazama, naye akatutazama. Alipoona hatushtuki, akaifikicha kwa kidole ile *o* ya mwisho ya *frio*, chaki ikamganda kuchani, akaandika *a* juu ya doa lake. *Água fria.* Maji ni ya kike, maziwa ni ya kiume.

"Maziwa ya kiume!" jirani yangu akadakia. "Yanakamuliwa wapi?"

Mwalimu alicheka hadi akaegemea ubao, ila jibu hakutoa. Akaongeza *s* mbili na *m* moja: *As meninas bebem água fria.* Wasichana wakawa wengi, maji yakabaki vilevile.

Wenzangu waliguna. Mimi hata sikushtuka. Aliyekulia kwenye "viti vyangu vile viwili vimevunjika" ataogopaje sentensi ambayo neno moja likigeuka, mengine nayo yanageuka? Nafsi nayo tunayo ndani ya kitenzi, ila sisi tunaiweka mbele, wao nyuma: *bebo*, nakunywa, *bebemos*, tunakunywa. Ndiyo maana *eu*, yaani mimi, wanaweza kuiacha na mtu akaelewa. Nikajisemea, kumbe ni ngeli tu, tena mbili! (*Mão*, mkono, ina *o* mwishoni na bado ni ya kike, lakini tuyaache hayo.)

Ndipo akaandika: *O menino é uma criança bonita.* Mvulana ni mtoto mzuri. *Criança* ni neno la kike hata mtoto akiwa dume, kwa hiyo *uma*, kwa hiyo *bonita*. Hapo nikakwama. Kwetu kijana ana ki- yake mbele, lakini hakuna anayesema "kijana kirefu kinakunywa". Uhai unalishinda umbo la neno. Kwao neno ndilo linalomshinda mtu.

"Mwalimu, huyo mvulana haoni vibaya?"

"Hata hajui," akasema, akahamia wakati uliopita.

Kwa miaka nimekuwa nikiona Kireno kinamwonea yule mvulana. Ila na sisi tukitaka kumdunisha mtu, tunasema "kitoto kinalia", na hapo uhai wake haumsaidii kitu.