Seli inayojua kusubiri

Kazi yangu maabara ni kuandaa slaidi za nyama iliyokatwa kutoka miili ya wagonjwa ili ichunguzwe. Kipande kinakuja kimelowekwa kwenye fomalini, dawa inayozuia kisioze, nakigandisha ndani ya nta, nakikata vipande vyembamba kuliko karatasi, kisha natia rangi mbili: hematoksilini inayofanya viini vya seli kuwa zambarau, na eosini inayoacha sehemu nyingine zote waridi. Majibu huandikwa na daktari wa patholojia. Hata hivyo kila slaidi naikagua kwanza kwa hadubini kuona kama rangi imeshika vizuri, na jicho langu huenda lenyewe kwenye seli zilizokamatwa zikiwa katikati ya kugawanyika.

Kuziona tu hakutishi. Ngozi, utumbo na uboho wa mifupa hugawanya seli usiku na mchana, la sivyo tusingeishi. Kinachonisimamisha ni namna zinavyogawanyika.

Seli ya binadamu ina kromosomu 46, vifurushi vinavyobeba urithi wake. Kabla ya kugawanyika inazinakili zote, kila moja ikabaki imeshikana na pacha wake. Halafu zinajipanga katikati ya seli, na nyuzi laini kutoka ncha mbili zinakuja kuzishika: pacha huyu atavutwa upande huu, mwenzake upande ule. Hapa ndipo pananishangaza hadi leo. Kromosomu moja tu ikiwa bado haijashikwa, inatoa ishara ya kemikali na seli nzima inasimama. Arobaini na tano ziko tayari, lakini hakuna inayovutwa mpaka ile ya mwisho ipate uzi wake.

Seli iliyopoteza subira hiyo huzaa seli mbili zisizolingana, moja na kromosomu 47, nyingine 45, na vizazi vinavyofuata huzidi kuvurugika. Kwenye slaidi za uvimbe mkali wa saratani nimeona kromosomu zikivutwa pande tatu badala ya mbili. Mjerumani Theodor Boveri aliona vurugu ya aina hii kwenye mayai ya viumbe vya baharini vyenye miiba, yaliyoingiwa na mbegu mbili kwa mpigo, na mwaka 1914 akaandika kwamba huenda uvimbe wa saratani huanzia hapo. Hakuwa na kifaa chochote cha kusoma jeni. Namheshimu sana.

Kipo kizuizi kingine, cha mapema zaidi. Protini iitwayo p53, iliyogunduliwa 1979, huisimamisha seli ambayo DNA yake, yaani maandishi ya urithi yaliyo ndani ya kromosomu, imeharibika, ili irekebishwe kwanza. Uharibifu ukizidi, seli inaamriwa ife. Katika karibu nusu ya saratani zote, jeni ya protini hii imeharibika. Lakini hitilafu moja kwa kawaida haitoshi. Lazima kadhaa zirundikane ndani ya ukoo mmoja wa seli, jambo linalochukua miaka, na ndiyo maana saratani nyingi huja uzeeni.

Virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, hasa aina ya 16 na 18, vina njia ya mkato. Protini yao moja inaisambaratisha p53, nyingine inazima breki ya pili iitwayo Rb. Seli ya mlango wa kizazi inabaki inagawanyika bila cha kuizuia. Chanjo dhidi ya virusi hivi ipo tangu 2006, na kila nikikata nyama ya mlango wa kizazi ya mama kijana roho inaniuma. Mwenye binti aliyefikia umri wa kuchanjwa, tafadhali ampeleke.

Na ile subira ya kromosomu hutumika pia kutibu. Vinkristini, dawa iliyotokana na ua la Madagaska, huzuia nyuzi zisijengeke. Seli inafika katikati, inasubiri uzi usiokuja, na nyingi hufa zikisubiri. Dawa haichagui seli ya saratani peke yake. Chochote kinachogawanyika kwa kasi kinapigwa, zikiwemo seli za mashina ya nywele. Ndiyo sababu nywele hunyonyoka, na kwa wagonjwa wengi huota tena matibabu yakiisha.