Mbao kwenye mashine ya chuma

Harufu ya mkangazi ndani ya karakana ya chuma haina pa kujificha. Juzi kijana mmoja alikata kipande karibu na mashine ya kukereza, nikaikumbuka ile puli.

Fundi wa kusubu, yule anayeyeyusha chuma na kukimimina, alitaka mfano wa mbao wa puli ya alumini ya milimita 150, wa kuacha umbo lake kwenye mchanga ambamo alumini humiminwa. Unaongeza milimita 6 za kukerezwa baada ya kusubu, halafu asilimia 1.3, maana alumini hunywea ikipoa. Inakuja 158. Mashine ya mbao haikuwepo, na kwa kazi ile sikuitamani. Ukingo wa mfano lazima uinamishwe kidogo ili utoke kwenye mchanga bila kuubomoa. Kitelezi cha juu cha mashine ya chuma, kile kinachobeba kisu, ukikifunga kwenye pembe ya nyuzi 2, kinakata nyuzi 2. Mkono na patasi havikupi uhakika huo.

Taya tatu za mashine, zinazobana kazi, hatukuzitumia, huponda mbao. Tuliifunga kwenye sahani ya mashine, diski bapa inayozunguka, kwa skrubu nne kutoka nyuma, zikaingia milimita 15 katika unene wa 40, mahali ambapo kisu hakifiki. Mizunguko 900 kwa dakika.

Kisu kilichokuwepo kilikuwa cha kabaidi, madini magumu ya kukatia chuma, makali yake butu kwa mbao. Mashine iliposimama, nilipitisha kidole ukingoni. Sehemu mbili zinazotazamana zilikuwa laini kama zimepigwa randa. Mbili nyingine zilichanika, nyuzi za mbao zimesimama. Ndivyo diski ya mbao ilivyo: katika mzunguko mmoja kisu huzilaza nyuzi mara mbili na kuzing'oa mara mbili. Kuongeza mwendo hakusaidii sana. Dawa ni makali. Tukanoa kipande cha haispidi, chuma cha pua cha visu, uso wa juu ukiteremka nyuzi 30 hivi kutoka kwenye makali, tukamalizia kwa jiwe la mafuta mpaka kikanyoa malaika ya mkono. Palipochanika tukapaka vanishi nyepesi ili nyuzi zikakamae, ikakauka, tukaondoa milimita 0.2 kila mpito. Vumbi likageuka maranda membamba.

Jioni vania, kipimo cha taya, ilisoma 158.0 kila upande. Asubuhi, 158.0 kufuata nyuzi, 158.4 kuzikatisha, mbao ilikunywa unyevu wa usiku. Fundi wa kusubu hakujali. Mimi bado najiuliza ile sifuri ya mwisho tulimpimia nani.

Kusafisha kulichukua muda mrefu kuliko kukereza. Reli tulizifunika kwa katoni (kitambaa kamwe, kikinaswa na sahani kinavuta na mkono), lakini vumbi lilipenya. Hunyonya mafuta, hushika unyevu, kutu ikaanzia chini yake. Kwenye skrubu ndefu inayosukuma kitelezi huwa tope linalosaga. Tulifyonza, tukapangusa kwa mafuta ya taa, tukapaka mafuta mapya. Mwenye mashine alichungulia chini ya kitelezi kwa tochi, akauliza kama kuna mifano mingine inakuja.